Mchanga wa Wafinyanzi

Mama yule alifika siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Nilikuwa peke yangu katika maabara, naosha machekeche ili yakauke kabla sijasafiri, nikasikia hodi ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Nilipofungua mlango nilimkuta mwanamke wa umri wa mama yangu, amelowa, miguu imejaa tope, na kichwani amebeba kapu. Ndani ya kapu mlikuwa na vyungu viwili vidogo, midomo yake imefungwa kwa majani ya mgomba.

Alinisalimu kwa Kinyakyusa. Mimi ni mtu wa Iringa, nikamjibu kwa Kiswahili, naye akahamia huko bila taabu.

"Namtafuta anayehesabu mchanga."

"Ni mimi, mama. Karibu ndani, utashikwa na baridi."

Hakuingia. Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele. "Wewe? Mimi nilifikiri ni mzee mwenye miwani. Kumbe tunahamishwa kwa mkono wa mtoto."

Sikujua anasema nini, lakini neno lile lilinipiga. Nikamvuta kiti karibu na stovu, nikampa chai kwenye kikombe changu, na polepole akaanza kueleza. Jina lake lilikuwa Tupokigwe. Alikuwa mfinyanzi, kutoka kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima ya Ukinga na Ziwa Nyasa, mbele ya Matema. Aliondoka kwake Jumatatu alfajiri, akavuka kwa mtumbwi hadi Mwaya, akapanda lori hadi Tukuyu, na lori jingine hadi Mbeya. Kule kwao watu wa kampuni ya madini walikuwa wamechomeka vigingi ufukoni, kuanzia mtoni hadi kwenye jabali. Wiki tatu zilizopita walikuja tena na mkalimani, wakawaambia wazee kwamba karatasi kutoka Mbeya imesema zaidi ya nusu ya mchanga wao ni mweusi, na weusi ule ni mali. Nyumba zote zilizo kati ya vigingi zitabomolewa kiangazi, na watu watapewa mahali pengine, juu mlimani, mbali na udongo wao na maji yao. Jumamosi wazee wangetia dole gumba kukubali.

"Jumamosi hii?"

"Hii hii. Na wakishatia dole, mwanangu, nani atalifuta?"

Karatasi ile niliijua. Niliiandika mimi.

Hayo yalikuwa ya mwaka 1957, mwezi wa Machi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilisomea kwa mapadri Tosamaganga, nikaenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya maabara, na nilipohitimu kampuni hiyo hiyo ya kutafuta madini iliniajiri hapa Mbeya. Nilikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile mbele ya hadubini, na nilikipenda kiti kile kuliko ninavyoweza kusema. Niliamini kwamba sayansi ni kitu kisafi. Chembe ya mchanga haina kabila, haina rangi ya bwana wala ya mtumishi. Ukiipima vizuri itakuambia kweli, na kweli ile itakuwa ya watu wote. Nilimwandikia mama yangu maneno hayo kwa barua, naye akamwomba padri amsomee mara mbili.

Sasa nilikuwa naambiwa kwamba kweli yangu inabomoa nyumba.

Tupokigwe alishusha vyungu vyake mezani. Akaniuliza swali moja tu: mtu wetu alichota mchanga mahali gani? Nikafungua daftari. Alawi, mchukuaji wetu wa mchanga, alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni: karibu na mwalo wa mitumbwi, chini ya miti miwili, mafungu sita. Nilipomsomea, mama yule aliweka mkono mdomoni, na kwa muda sikujua kama anacheka au analia.

Pale chini ya miti miwili, alisema, ndipo mahali pao pa kuoshea. Mfinyanzi hawezi kufinyanga udongo mtupu. Lazima auchanganye na mchanga mweupe, tena wa chembe za wastani. Chembe kubwa hukwaruza mkono na kutoboa chungu. Chembe nyeusi, chungu kikiingia motoni, huacha madoa na kupasua. Kwa hiyo wanawake huuchukua mchanga wa ufuko kwa ungo, huutikisa ndani ya maji hadi weusi unashuka chini, huondoka na ule mweupe mzuri na kuuacha mweusi palepale pamoja na changarawe. Yeye alifanya hivyo tangu utoto. Mama yake alifanya, na bibi yake, na bibi wa bibi yake. Weusi ule wote umelundikana chini ya miti miwili kama makapi penye kinu.

"Mtu wenu alikuja kwenye jalala letu," akasema, "akachota, halafu mkaandika kwamba nyumba yote ni jalala."

Kuna jambo ambalo sikumwambia papo hapo, kwa aibu. Ukipitisha mchanga wa ufuko kwenye machekeche saba, yenye matundu makubwa juu na madogo chini, mchanga hujipanga kama kilima: kidogo juu, mwingi katikati, kidogo chini. Mchanga ule wa Alawi ulikuja kama bonde. Chembe nyeupe kubwa zilikuwa nyingi, chembe nyeusi ndogo zilikuwa nyingi zaidi, na chekeche la nne, la katikati, lilikuwa karibu tupu. Niliona. Nikarudia kutikisa, nikaona tena. Nilijua kwamba si kawaida, lakini nilikuwa na miezi mitano tu kazini, na niliogopa bwana mkubwa, Mzungu aliyetusimamia, atadhani sijui kutikisa chekeche. Nikaandika namba kama zilivyo na kukaa kimya. Naye bwana mkubwa aliangalia mstari mmoja tu, wa mwisho: nyeusi, hamsini na nane katika mia.

Ule mchanga uliokosekana katikati ulikuwa kwenye vyungu vya Tupokigwe na wenzake, umesambaa majikoni pande zote za ziwa.

Akafungua vile vyungu viwili. Cha kwanza alikichota mahali pa kuoshea. Cha pili alikichota ufuko mtupu, hatua mia mbili kutoka pale, akachimba hadi mkono wake ukaishia begani. Akaniomba nihesabu vyote viwili, nimwambie mwenyewe kwa mdomo wangu, apate la kuwapelekea wazee. Alisema hataki karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo iliyowaponza. Alitaka neno la mtu aliyeuona mchanga kwa macho.

Nikamwahidi. "Nitahesabu mimi mwenyewe, na nitakuambia mimi mwenyewe, uwe mzuri au mbaya."

Nilisema hivyo nikijua kwamba kesho yake saa moja asubuhi nilitakiwa kuwa ndani ya basi la Iringa. Ijumaa saa tatu kamati ya elimu ingekaa pale Iringa kuwahoji vijana watatu wa jimbo zima, na mmoja angepewa nafasi ya kwenda Makerere. Jina langu lilikuwa la pili kwenye orodha. Nililisubiri jambo lile tangu Tosamaganga. Nilipiga hesabu haraka: kukausha mchanga saa mbili, kuchekecha saa moja, kuhesabu saa mbili. Hadi saa kumi alasiri nitakuwa nimemaliza. Nikafurahi hata, kama mjinga.

Lakini mchanga uliochimbwa kina cha mkono mzima hujaa maji. Ule nilioutandaza kwenye sinia juu ya stovu ulitoa mvuke mpaka saa nane, na mvua nje ikaendelea. Alawi akaingia wakati ninageuza kwa kijiko. Alikuwa mtu wa Mbeya mjini, babu yake alitoka Bagamoyo na misafara, mcheshi, mwenye kofia safi hata siku za tope. Alimtambua mama mara moja, akamwamkia kwa heshima, kisha akaanza kunitania kama kawaida yake.

"Mwanafunzi wa mapadri, unapika nini leo? Mbona pilau haina bizari?"

Nikamweleza. Utani ukamkauka. Akaenda dirishani, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye aliambiwa alete mchanga mweusi, akaleta mchanga mweusi. Hakuna aliyemwambia alete ufuko. Pale chini ya miti wanawake walikuwepo, wakimtazama, na hakuna aliyemkataza.

"Tulidhani unatuondolea uchafu," Tupokigwe akamjibu. "Tulikushukuru. Hata samaki nilikupa."

"Wawili," akasema Alawi. "Watamu kweli." Akavua kofia, akaivaa tena.

Hakukataa kunisaidia. Tulitikisa chekeche pamoja, yeye na mimi, tukipokezana. Mchanga wa chungu cha kwanza ukalala kama bonde, sawasawa na ule wa zamani. Wa chungu cha pili ukalala kama kilima, laini, mwingi katikati. Nilipoliona chekeche la nne limejaa hadi ukingoni nilihisi kama mtu aliyeibiwa na kurudishiwa mali yake mwenyewe. Lakini kilima peke yake hakitoshi. Wazee wangeulizwa: basi ni kiasi gani? Ilibidi kuhesabu chembe moja moja. Ile dawa ya maji mazito, ambayo mchanga mweupe huelea juu yake na mweusi huzama, ilikuwa imekwisha, na nyingine ilikuwa bado njiani. Kulikuwa na sumaku, lakini sumaku huvuta weusi wa aina moja tu, na kampuni ilikuwa inautaka hasa ule mweusi mwingine, usiojali sumaku. Njia iliyobaki ilikuwa jicho na hadubini.

Hadubini yetu ilikula mwanga wa jua. Ilikuwa na kioo kidogo chini cha kuunasa mwanga wa dirishani na kuurusha juu kwenye chembe. Nilipoweka kigae cha kwanza cha kioo chenye chembe chini yake ilikuwa saa kumi kasorobo, na ukungu wa mlima Loleza ulikuwa umeshashuka hadi kwenye paa za mabati. Nikaona kijivu. Nikasogeza meza dirishani, nikafuta kioo, nikaona kijivu kile kile, nyeusi na nyekundu na kahawia zote zimekuwa kivuli kimoja. Nikajaribu taa ya chemli, ikanipa njano, na katika njano ile hata chembe nyeupe zilidanganya. Ningeweza kukisia. Nilishakaa kimya mara moja mbele ya mchanga huu; sikutaka kuukisia mara ya pili.

Tupokigwe akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia mwanga umekwisha, nitamaliza asubuhi. Akaitikia kwa kichwa. Kwake asubuhi ilikuwa asubuhi tu. Hakujua habari za basi. Nikampeleka kwa Bi Mwanakhamisi, mwenye nyumba wangu, akapata mahali pa kulala.

Alawi alinisubiri barabarani. Akaniambia niende Iringa. Akaniambia kwa upole, akinishika begani, kwamba ufuko ule upo tangu Nuhu na utakuwepo wiki ijayo, lakini kamati haitakuwepo. Nirudi Jumatatu, nihesabu, nimwambie bwana mkubwa.

"Jumamosi watakuwa wametia dole," nikasema.

"Na wewe ukikosa Makerere, watakuja kukutilia dole wewe?"

Nikaenda kufunga sanduku langu.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa stendi. Nakiri hivyo. Utingo alikuwa amelipandisha sanduku langu juu ya basi na kulifunga kwa turubai. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona gurudumu la mbele nikiwa nimesimama penye la nyuma. Nilijiambia kwamba kwa ukungu huu mwanga hautakuja kabisa leo. Kwa hiyo hata nikibaki nitakuwa nimebaki bure. Lilikuwa wazo zuri. Nililishika kama mtu anavyoshika kamba. Kisha nikamfikiria yule mama amekaa kwenye baraza ya maabara, vyungu vitupu mapajani, akitazama mlango, na kila mtu anayepita anamwuliza anamngoja nani, naye anasema: anayehesabu mchanga.

Nikamwambia utingo anishushie sanduku. Akanitukana kidogo, akaonyesha mizigo iliyolala juu yake, magunia na majembe na kuku, akasema hataondoa mzigo wa dunia nzima kwa ajili ya mtu asiyejua anakwenda wapi. Basi likaondoka na sanduku langu, na ndani yake suti niliyoazima na vyeti vyangu vyote. Jioni ile, kule Iringa, mama yangu Lusia angekuja kulipokea basi, amekuja kwa miguu kutoka Tosamaganga, na angepewa sanduku bila mtoto.

Tupokigwe alikuwa barazani kama nilivyomwona akilini. Nilifungua mlango, nikaweka kigae chini ya hadubini, nikangoja. Saa mbili, kijivu. Saa tatu, kijivu. Niliondoa lenzi ya hadubini na kuirudisha labda mara ishirini. Saa tatu na nusu ukungu ukapasuka upande wa mashariki, na ghafla ndani ya duara lile dogo chembe zikawaka: nyeupe kama kioo kilichovunjika, nyekundu kama punje za komamanga, na nyeusi, chache, zenye mng'ao wa wino. Nikahesabu mia tatu. Nyeusi ishirini na moja. Nikachota nyingine, nikahesabu mia tatu: ishirini. Nikachota tena: ishirini na tatu. Nikahesabu na kile chungu cha mahali pa kuoshea, nikapata nyeusi mia moja sabini na tano katika mia tatu. Hamsini na nane katika mia, namba ile ile ya zamani. Nilikuwa nimehesabu sawa mwanzoni. Nilichohesabu ndicho hakikuwa ufuko.

Nilikuwa bado sijanyanyuka kitini nilipolisikia gari la bwana mkubwa. Alikuwa Chunya, na tulimtazamia mchana, lakini mvua ilimfukuza mapema. Aliingia amechoka, matope hadi kiunoni, akashangaa kuniona. Kwani leo si siku ya safari yangu? Nikampa karatasi badala ya kujibu, nikasimama.

Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na alijua kazi. Alisoma safu za chekeche kwanza, zile ambazo mara ya kwanza hakuzisoma, na niliona shingo yake ikibadilika rangi. Akainama kwenye hadubini, akakaa pale muda mrefu. Aliponyanyuka alisema kwamba nimefanya kazi nzuri sana. Kisha akafunga mlango.

Alisema ufuko utapimwa upya kiangazi, shimo kwa shimo, kwa utaratibu. Lakini hadi hapo namba hii ni mali ya kampuni, na haitoki ndani ya chumba hiki. Nikamwuliza kuhusu Jumamosi. Akasema Jumamosi ni shauri la ofisi ya Tukuyu, na kwamba mkataba unaweza kufutwa baadaye ikiwa lazima. Halafu akavuta kitabu cha telegramu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa rafiki yake. Angempelekea simu sasa hivi kuomba niulizwe Jumatatu badala ya kesho, na barua ya kuniombea angeiandika kwa mkono wake.

"Ninachotaka kwako ni kimya cha miezi mitatu," akasema kwa Kiingereza, bila ukali. "Kwa kijana wa umri wako si kitu. Ukisema, siwezi kukuandikia chochote. Nadhani unaelewa."

Nilielewa. Kalamu yake ilikuwa imeshaandika neno Iringa. Nilimwona mama yangu na sanduku. Nililiona lango la Makerere, ambalo sikuwahi kuliona. Nikafikiria pia, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, jinsi ilivyo rahisi kukaa kimya. Nilishafanya hivyo mara moja mbele ya chekeche la nne, na hakuna aliyenilazimisha.

Lori la Tukuyu lilikuwa linaondoka saa sita. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Nilimwambia bwana mkubwa kwamba nimeshatoa ahadi. Akaniuliza kwa nani. Nikafungua mlango.

Tupokigwe alisimama aliponiona. Alawi alikuwa ameegemea nguzo ya baraza na kofia mkononi, na aliponitazama usoni akatazama chini. Nyuma yangu niliisikia karatasi ile ya telegramu ikichanwa kutoka kwenye kitabu, polepole, kama mtu anayenipa nafasi ya mwisho ya kugeuka.

"Mama," nikasema, "ule wa ufuko nimeuhesabu mara tatu. Nyeusi ni saba katika mia. Saba tu. Ule wa chini ya miti ndio hamsini na nane, na huo mliuweka nyinyi. Waambie wazee wasitie dole."

Alifunga vidole vya mkono wa kuume, akavifungua vitano, akaongeza viwili vya kushoto, akanionyesha ili nihakikishe.

"Hivyo," nikasema.

Akatia vyungu kapuni, akajitwika, akashuka ngazi kuelekea kwenye malori, mikono miwili mbele yake, vidole saba bado viko juu.